Jicho la Samaki Halichapiki

Changu wa kwanza niliyejaribu kumchapa kwenye karatasi alitoka kama doa la mafuta kwenye gazeti la kufungia maandazi. Nilimnunua asubuhi kwenye soko la samaki la Feri, nikampaka wino, nikamlaza karatasi juu, nikabandua. Hapakuwa na gamba wala pezi, weusi mtupu. Haraka zangu: sikumtoa ute.

Wajapani, wenye sanaa hii ya gyotaku (gyo ni samaki, taku ni kunakili kwa kusugua), humsugua samaki kwa chumvi au siki, wakamwosha, wakamkausha, wakaziba matundu yote kwa pamba ili maji yasivuje, kisha wakamtandaza mapezi na kuyashikiza kwa pini. Kupaka na kuchapa kwenyewe ni dakika chache. Wino wao, sumi, ni masizi na gundi, kwa hiyo samaki akishachapwa huoshwa akapikwa. Mimi nilikoroga masizi ya chungu na uji mwembamba wa ngano. Dada yangu akasimama mlangoni: "Sasa huyu tunamla au tunamtundika?"

Gyotaku za zamani zaidi zilizobaki ni za mwaka 1839. Ni za funa, samaki wa maji baridi, waliovuliwa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na zimetunzwa katika maktaba ya mji wa Tsuruoka, lilikokuwa jimbo la Shonai. Huko samurai walihimizwa kuvua kama sehemu ya mazoezi yao. Mwaka huohuo Paris ilikuwa inatangaziwa picha za Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, lakini mvuvi wa Shonai hakuhitaji kamera. Wavuvi tunawajua: samaki mkubwa kuliko wote ni yule aliyeponyoka. Karatasi yenye samaki mzima, kwa ukubwa wake halisi, pembeni pameandikwa tarehe, mahali na jina la shahidi, inamaliza ubishi.

Huo ushahidi ndio ninaoupenda. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Kijapani walichapisha kazi yao juu ya gyotaku zinazotundikwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, wakazisoma kama daftari la samaki gani alipatikana wapi na lini. Humo wamo walioadimika sasa, kama itou, samaki wa mtoni wa kisiwa cha Hokkaido. Mtu alitaka kujisifu tu, kumbe anaandika historia ya mto.

Ipo njia nyingine ya gyotaku, ambapo karatasi nyepesi au hariri hulowanishwa na kubandikwa juu ya samaki aliyekaushwa maji, rangi ikadondolewa kidogo kidogo kwa kifurushi cha pamba. Matokeo yake ni mazuri mno, na hapo ndipo mimi ninaposita. Samaki anapata mng'ao, kivuli, pengine na mwani wa kupambia. Pezi lililopasuka linaungwa. Afadhali ile ya kupaka wino samaki mwenyewe, hata kama inamgeuza kama kioo: ukitaka atazame kushoto, kama Wajapani wanavyompakua mezani, inabidi umpake ubavu wa kulia.

Wasanii wa majaribio wa Magharibi walifika karibu na hapo kwa barabara nyingine kabisa. Mwaka 1953 mchoraji wa Marekani Robert Rauschenberg aliunganisha karatasi 20, akapaka rangi tairi la gari, na rafiki yake, mtunzi wa muziki John Cage, akaliendesha gari juu yake. Tairi likajichapa. Wengine wanauliza sanaa iko wapi hapo. Kwangu mimi iko katika kujua wakati wa kutoa mkono.

Ila jicho linanisumbua. Jicho la samaki ni bonge la maji, halishiki wino. Ukilipaka linaacha doa, ukiliacha linabaki tundu jeupe. Ndiyo maana hata mchapaji mwaminifu kuliko wote mwishoni huchukua brashi akalichora. Kila gamba limeandikwa na samaki, jicho limeandikwa na mtu, na mtazamaji analiangalia jicho kwanza!

Changu wangu wa nne ndiye aliyekubali. Magamba yote yapo, na kovu la wavu karibu na mkia. Nilishika brashi, nikajaribu jicho mara tatu kwenye karatasi ya pembeni: moja lilikuwa na hofu, la pili lilicheka, la tatu lilifanana na la mjomba wangu. Nikaosha brashi. Yuko ukutani hivyohivyo, jicho jeupe, na ubavu wake wa pili tuliula kwa ugali.