Miti haipogolewi kwa simu

Kila Novemba mvua zikianza Mufindi, mkoani Iringa, simu yangu hujaa picha za miche. Huyu kapanda ekari tano za misindano, yule kaongeza kumi za mikaratusi, na wote wameandika chini yake "urithi wa watoto". Picha ya mtu anayepogolea miti ya miaka minne, yaani kuikata matawi ya chini, sijawahi kutumiwa hata moja.

Sisemi haya kwa kujitoa. Nami nililima kwa simu: ekari nne za misindano, mwendo wa bodaboda kutoka Mafinga, mwenyewe nikiwa Dar es Salaam. Tulipanda mita tatu kwa tatu, kama miti 450 kwa ekari. Palizi ya miaka miwili ilipokwisha nikajua nami nimemaliza, kilichobaki ni kusubiri mbao. Mwaka wa saba kaka yangu akapiga: miti imebanana, mingine imepinda, ipunguziwe. Akatafutwa kijana mwenye chenso, ule msumeno wa injini, tukapatana bei kwa ekari, nikarusha nusu ya hela. Mipango yote ilichukua dakika nne.

Siku ya pili alikata mti, haukuanguka. Uliegemea jirani yake, kama mlevi aliyeshikwa bega. Waliokomaa kwenye kazi hii hawaupiti chini mti wa namna hiyo, wala hawaukati ule ulioushika. Wanauzungusha shinani kwa mtaimbo, au wanauvuta kwa kamba wakiwa mbali, hadi uteleze. Ukikataa, wanaweka alama, wanafukuza watu hapo na kumngoja mwenye vifaa. Yule kijana alikuwa na msaidizi mmoja mwenye kandambili, hakuwa na kofia wala kamba, na ekari ilikuwa haijaisha. Akaingia chini akakata ule ulioushika. Yote miwili ikashuka kwa pamoja. Alivunjika mfupa wa bega, na tulimshukuru Mungu kwamba ni bega.

Nilipokwenda kumwona hospitali akaniambia, "Samahani kaka, nimekuharibia kazi."

Maneno hayo yananichoma hadi leo, kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi. Ukilipa kwa ekari bila kuuliza itakatwaje, umenunua haraka, na haraka ndiyo utakayoletewa. Watu wa kwetu huita ajali kama ile bahati mbaya. Mimi nadhani ilikuwemo ndani ya bei tangu siku ya mapatano.

Mara ya pili nilipanda basi. Tulimpata fundi aliyesomea (Mafinga penyewe pana kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, na bado tunaokota watu stendi), naye hakugusa chenso siku nzima ya kwanza. Tulitembea na kopo la rangi. Mti uliopinda, rangi. Wenye vichwa viwili, rangi. Uliofunikwa na wenzake ukabaki mwembamba kama fito, rangi. Nilipomnong'oneza kwamba ule mnene wa pembeni ungetoa mbao sasa hivi, akacheka: "Ukikata wazuri, mzee, utabaki unalea vilema." Kisha akaangalia kila mti unaelemea wapi, upepo unatoka wapi, na yeye atakimbilia wapi mti ukianza kulia. Njia hiyo huwa ya nyuma kwa pembeni, na husafishwa kabla ya kukata. Wasaidizi walikaa umbali wa urefu wa miti miwili. Kwenye shina aliacha ukanda mwembamba usiokatwa, unaouongoza mti chini kama bawaba inavyoongoza mlango. Suruali yake ilikuwa na nyuzi ndani zinazokaba mnyororo ukigusa paja. Aliniambia bei ya ile suruali nikashtuka, halafu nikakumbuka bili ya hospitali.

Huyu tulimlipa kwa siku, na gharama ilizidi ile ya kulipa kwa ekari, sikatai. Ila kupogolea nako kuna hesabu yake. Tawi lililofia mtini huacha kifundo kisichoshika, na mbao ikikauka kifundo kinadondoka, linabaki tundu. Mnunuzi huipindua mbao mara moja tu kabla ya kutaja bei ya kukutukana. Kwa hiyo pogolea mapema, matawi yakiwa bado mabichi na membamba, kwa msumeno badala ya panga. Panga huchubua gome na kuacha kisiki cha tawi, na likiteleza linaishia kwenye muundi wa mtu. Na usivuke nusu ya urefu wa mti, kwani majani ndiyo jiko lake.

Kuhusu moto, wengi tunakosea kalenda. Barabara za moto, zile njia zisizo na nyasi za kuuzuia usivuke, zisafishwe mvua zikikatika, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Sisi tunakumbuka Septemba, jirani akiwa ameshaanza kuchoma shamba lake la mahindi. Matawi yaliyopogolewa nayo yasirundikwe mpakani. Shamba lililopogolewa moto hupita chini kwa chini, lisilopogolewa unapanda tawi kwa tawi hadi kileleni, na hapo hakuna wa kuuzima.

Bondeni nitasema kifupi, maana litanigombanisha na ndugu. Mikaratusi iliyopandwa kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yenye unyevu, haihitaji kupunguziwa, inahitaji kuondolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bibi zetu waliojaza debe pale hawakuhitaji sheria kuona kijito kimesinyaa.

Kijana wa bega alipona. Sasa ni msaidizi wa yule fundi, ana kofia, na ndiye anayebeba kopo la rangi. Mwezi uliopita nilimpigia saa nne asubuhi kuuliza wamefika mstari wa ngapi.

"Leo upepo mkali, kaka. Hatukati."

Nikamuuliza hela ya siku itakuwaje. Akanyamaza kidogo. Nikailipa.