Okteti ya wanaume ya Slovenia: wimbo wa kijijini ubebwe na sauti ipi?

Tangu Slovenski oktet ianzishwe mwaka 1951, wanaume wanane wanaoimba bila ala wamekuwa sura ya wimbo wa Kislovenia jukwaani. Hugawanywa wawili wawili, kutoka sauti ya juu hadi ya chini: tenori ya kwanza, tenori ya pili, baritoni na besi. Swali gumu kwa kundi la aina hii ni kama nyimbo za asili ziimbwe kwa mpangilio wa noti, au kama vijana walivyoziimba jioni vijijini.

Kijijini hakuna karatasi. Kiongozi, yaani naprej, huanza peke yake neno moja au mawili. Mwingine huingia juu yake, kwa kawaida umbali wa tatu, yaani noti ya tatu ukihesabu kutoka ile ya kiongozi. Huyo ni čez. Waliobaki huangukia besi, wakikaa zaidi kwenye do na so. Wimbo wenyewe, yaani melodi, basi, uko katikati, na kiongozi akivuta neno wenzake humfuata. Hatari ni kuanzia juu mno: čez atabana koo kabla ubeti haujaisha. Dawa ni čez aguse kwanza noti yake ya juu kabisa kwa sauti ndogo, ndipo kiongozi ateremke kutoka hapo kutafuta mwanzo wake.

Wanaotetea mpangilio wana hoja nzito. Kwaya za wanaume zilishamiri katika vyama vya usomaji, čitalnice, tangu miaka ya 1860, kwa hiyo noti nazo ni urithi wa Waslovenia. Na muziki wa Jacobus Gallus, mtunzi wa karne ya 16, hauimbiki kwa kubahatisha.

Ila noti hudai usahihi ambao watu wanane hawana pa kuuficha. Wawili kwa sauti moja ni idadi ngumu kuliko zote: mmoja akiwa kwenye hezi 220 (mitetemo kwa sekunde) na mwenzake 222, sauti itatikisika mara mbili kila sekunde, na hakuna wa tatu wa kufunika. Mi ya kodi kuu, yaani do, mi na so zikiimbwa pamoja, nayo yataka kukaa chini kidogo ya ile ya piano, karibu sehemu 1 ya 7 ya nusu toni, hatua ndogo kabisa ya piano. Lakini mwimbaji akizidisha, kundi zima linashuka ubeti baada ya ubeti. Halafu kuna irabu. Kislovenia kina e na o za wazi na za kufunga, na wawili wasipokubaliana, kodi huchafuka hata noti zikiwa sahihi. Baritoni na besi nao wakikaribiana kwa tatu huko chini, husikika mngurumo tu. Waachanishwe kwa tano au oktava (ya nane).

Kwangu mimi, kosa kubwa la mipangilio mingi ni kumkabidhi tenori ya kwanza wimbo. Unang'aa, lakini umbo la kijijini limekufa. Afadhali wimbo ubaki kwa tenori ya pili, ya kwanza iende juu yake kama čez, na baritoni ijaze kwa wepesi, tena inyamaze kabisa katika ubeti wa kwanza. Ukumbini wimbo wa katikati humezwa haraka, kwa sababu sikio hukimbilia sauti ya juu. Tenori ya kwanza ipunguze nguvu kila inapopanda, na tenori ya pili isimame katikati ya nusu duara, si pembeni.