Fundi anajua kazi, lakini nani kamfundisha kufundisha?

Kila ajira za vijana zinapozungumzwa Uganda, mjadala huishia njia panda ile ile: kijana apelekwe chuo cha ufundi au aachwe ajifunze kwa fundi? Mpango wa serikali wa Skilling Uganda, ulioandikwa kwa kipindi cha 2012 hadi 2022, ulijaribu kuzikutanisha njia hizo mbili. Sheria ya TVET ya 2025, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, nayo imepanga upya mfumo huo mzima. Wanaotetea vyuo wana hoja nzito, na wanaotetea gereji na karakana wana hoja nzito vilevile. Ila naona pande zote mbili zimeruka swali moja. Tukishaona mtu anaijua kazi, tunachukulia moja kwa moja kwamba anajua na kuifundisha. Ujuzi mwingi wa nchi hii unapotelea hapo, katika ile nafasi fupi kati ya mkono wa fundi na mkono wa mwanafunzi wake.

Nianze na upande wa fundi, maana huko ndiko walikojaa vijana. Nenda Katwe, Kampala, uone mageti, majiko na mashine za kusaga zinavyotoka kwenye vibanda vya mabati. Nenda Ndeeba kwenye mbao. Nenda Busia na Malaba, mpakani na Kenya, ambako malori hayakosekani na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha dereva wa Mombasa, fundi wa Tororo na kijana aliyetoka kijijani juzi. Kijana huingia gereji kwa kujuana: mjomba wake anamjua mwenye gereji, wanaongea, wanakubaliana ada kidogo au bila ada kabisa, na kesho yake yupo kazini. Hakuna anayemuuliza aliishia darasa la ngapi.

Na anachokipata hapo hakipatikani kirahisi darasani. Anajifunzia pikipiki ya mtu, ambayo mwenyewe amekaa kwenye benchi akisubiri aondoke nayo akatafute pesa za siku. Anajifunza kumsikiliza mteja anayeeleza tatizo vibaya, kutaja bei bila kigugumizi, kutambua kipuri bandia kwa uzito wake mkononi, na kusikia kwenye mlio wa injini kwamba kuna kitu hakiko sawa. Anajifunza pia kwamba kazi mbovu hurudi mlangoni, tena hurudi na kelele. Chuoni mtihani ukishapita umepita. Wanaosema fundi wa mtaani ndiye mwalimu halisi hawajakosea.

Lakini tuisogelee kazi yenyewe. Chukua kurekebisha tapeti za Boxer, pikipiki iliyojaa kwenye stendi za bodaboda nchini: yaani kuweka sawa ile nafasi ndogo kati ya valvu, vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye injini, na skrubu inayozisukuma. Injini inatakiwa iwe imepoa. Unafungua vifuniko, unazungusha injini mpaka pistoni ifike juu kabisa wakati valvu zote mbili zimefunga, halafu unapima nafasi kwa zile bapa nyembamba za chuma ambazo mafundi huziita fila. Nafasi isipokuwa sawa, unalegeza nati, unazungusha skrubu, unapima tena, kisha unakaza nati. Siri yote iko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Ukikaza nati bila kuishikilia skrubu isizunguke, skrubu nayo inafuata, na ile nafasi uliyoipima kwa uangalifu inaharibika. Ikibana mno, valvu haifungi sawasawa, moto unapita, na baada ya muda valvu inaungua. Pikipiki inakosa nguvu mlimani, na mteja anarudi.

Fundi aliyeifanya kazi hii miaka mingi anaimaliza kwa dakika chache huku akizungumza na mtu mwingine. Mkono wake wa kushoto unaishikilia skrubu wenyewe, bila yeye kufikiria. Kijana aliyechuchumaa pembeni anaona spana ikizunguka, basi. Akiuliza, "Mzee, unajuaje kama imetosha?" jibu analolipata mara nyingi ni, "Utazoea." Wiki ijayo anapewa afanye mwenyewe, anakaza nati huku skrubu ikizunguka nayo, pikipiki inarudi, naye anatukanwa mbele ya wateja. Hakuficha kitu fundi yule. Hakujua tu kwamba kuna jambo la kusemwa, maana kwake jambo hilo lilishahama kichwani likaingia mkononi.

Wakosoaji wa mafunzo ya mtaani huishikilia sehemu hii, na wana zaidi ya hapo. Wanasema kijana hukaa mwaka mzima akiosha vipuri na kutumwa chai kwa sababu nguvu zake ni za bei rahisi, na mwenye gereji hana haraka ya kumwivisha. Ni kweli hutokea. Sheria ya Ajira ya 2006 inamhesabu kuwa mfanyakazi hata aliye kwenye mkataba wa uanagenzi, lakini ni wangapi waliowahi kuona mkataba kama huo ukiandikwa kwenye kibanda cha kuchomelea? Wanasema pia kwamba fundi hurithisha makosa yake pamoja na ujuzi wake. Pita barabarani uhesabu wachomeleaji wanaokinga macho kwa miwani ya jua ya kawaida. Mwanga ule unaunguza jicho, na usiku mtu anahisi mchanga machoni hadi asubuhi. Kijana anaiga miwani kama anavyoiga mkono. Hoja hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu jicho likiharibika hakuna cheti kitakacholirudisha.

Hata hivyo, tumtendee haki fundi. Analipwa kwa kazi iliyomalizika. Dakika ishirini za kumweleza kijana kwa nini skrubu ishikiliwe ni dakika ishirini ambazo pikipiki nyingine inasubiri. Na kijana akishaiva, anaweza kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara na kuondoka na nusu ya wateja. Tunamtaka fundi atoe muda wake na siri zake bure, tena amfundishe mshindani wake kwa mkono wake mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Ubahili wa baadhi yao tunaulaumu kana kwamba ni tabia mbaya tu, wakati ni hesabu ya kawaida ya mtu mwenye kodi ya kulipa mwisho wa mwezi.

Tatizo hili si la Uganda peke yake, wala si geni. Mwaka 1940, Marekani ilipokuwa inapanua viwanda vya silaha, ilijaa wafanyakazi wapya wasiojua kazi na wasimamizi wanaojua kazi bila kujua kufundisha. Ikaanzishwa huduma iliyoitwa Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya kiwanda. Msingi wake ulitokana na kazi ya Charles Allen, aliyeshughulika na mafunzo ya wajenzi wa meli wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kozi ya huduma hiyo ya kufundisha kazi ilichukua saa kumi tu: vikao vitano vya saa mbili mbili, kwa vikundi vya watu kama kumi. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1945, wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamepitia kozi zake. Baada ya vita njia hiyo ilipelekwa Japani, na Toyota ni miongoni mwa kampuni zilizoichukua na kuendelea nayo.

Kikao cha kwanza kilitumia fundo la waya wa taa. Mwalimu alimwita mtu mbele akamweleza kwa maneno tu jinsi ya kulifunga. Akashindwa. Akamwita mwingine akamwonyesha kwa mikono tu bila maelezo. Naye akashindwa. Kisha akamwita wa tatu na kwenda naye hatua nne: kumtuliza na kujua anachokijua tayari, kumwonyesha kazi kipande kwa kipande, akitaja kila mahali penye siri na sababu yake, kumwachia aifanye mwenyewe huku akieleza kwa kinywa chake anachofanya na kwa nini, mwisho kumwacha afanye kazi, akijua nani wa kumuuliza, na kurudi kumkagua mara kwa mara. Huyo aliweza. Hatua ya tatu ndiyo inayonivutia. Kijana wa Busia angeambiwa aikaze nati na aseme kwa sauti mkono wake wa kushoto unafanya nini na kwa sababu gani, kosa lake lingesikika kabla halijaingia kwenye injini ya mtu.

Pingamizi lipo, na ni la maana. Njia ile ilitengenezwa kwa viwanda vikubwa, ambako mtu anarudia kazi moja asubuhi mpaka jioni. Gereji ya mpakani haijui kitakachoingia saa ijayo: pancha, breki, kabureta, au lori lililokatika springi. Kutafuta chanzo cha hitilafu hakugawanyiki hatua kwa hatua kama kufunga fundo. Nakubali. Ujuzi wa kusikia injini bado utahitaji miaka na ukaribu na mtu anayeujua. Lakini kazi zinazojirudia ni nyingi kuliko tunavyodhani. Tapeti, cheni, plagi, kubadilisha oili, kukaza breki: fundi akikaa chini jioni mbili tatu anaweza kuzichambua kazi kumi za namna hiyo, kila moja kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na ule mwaka wa kutumwa chai ukapungua sana.

Kuna mvutano mwingine: kufundisha mmoja mmoja au kikundi. Wafadhili wa miradi hupenda vikundi, kwa sababu gharama ya kila kichwa hushuka na ripoti huonyesha watu wengi. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II, ambako Wakongo wengi huongea Kiswahili, kozi fupi za ushonaji na ususi ni jambo la kawaida. Sizidharau. Kwa mtu aliyekimbia bila chochote, wiki chache za cherehani ni mlango. Ila cherehani haiwezi kushonewa na watu watano kwa wakati mmoja. Wanne wanatazama, na kutazama, kama tulivyoona kwenye tapeti, hakumfundishi mtu mambo ambayo mkono wa mwalimu hausemi.

Saluni inafundisha somo jingine. Mteja wa kusuka huweza kuzungukwa na wasusi wawili watatu kwenye kichwa kimoja. Mwanafunzi anaanzia nyuma ya kichwa, ambako kosa halionekani sana, huku mwenye saluni akishika mbele penye paji la uso. Mistari ikipinda, anafumua hapo hapo na kumwonyesha upya, naye mwanafunzi wa pili anajifunza kwa kosa la mwenzake. Kikundi kidogo kinafanya kazi hapo kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake ya kichwa mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kikundi kiwe cha watu wangapi, ningehesabu kwanza mikono mingapi inaweza kuwa kazini kwa wakati mmoja.

Uganda tayari ina chombo kizuri kwa upande wa mwanafunzi. Idara ya Mafunzo ya Viwandani, iliyojulikana kama DIT, ilianzisha kijitabu kiitwacho Worker's PAS, ambacho mtu aliyejifunza kazini hukipata kwa kupimwa kwa vitendo, hata kama hakumaliza shule. Kijana wa gereji anaweza kuthibitisha anachokijua. Ni hatua kubwa, na wanaoidharau kwa sababu si diploma wanakosea. Lakini kipimo kinamgusa anayejifunza baada ya kujifunza. Aliyemfundisha hakimwongezei chochote, wala hakimuulizi alifundishaje.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba kijana abaki gereji na fundi ndiye apelekwe darasani, kwa saa chache: zile kumi, zigawanywe jioni tano, kwa lugha inayotumika kwenye gereji yake, na kila fundi aje na kazi yake mwenyewe ya kuichambua na kumfundishia mwenzake mbele ya wote. Vyuo kama cha Nakawa, kilichojengeka kwa msaada wa Japani, vina walimu wanaoweza kuongoza vikao hivyo. Miwani sahihi ya kuchomelea iingizwe kwenye daftari lile lile la hatua za kazi, ili usalama ufundishwe pamoja na mkono.

Sehemu ngumu ni malipo. Wapo wanaopendekeza fundi alipwe kwa kila mwanafunzi anayefaulu kipimo. Wazo hilo linavutia, lakini nahofia atachagua wepesi na kuwaacha wale wanaohitaji muda. Kumlipa kwa saa alizosimamisha kazi ili afundishe ni haki zaidi, ila nani atazihesabu kwenye kibanda kisicho hata na risiti? Ninaloliona linawezekana kuanzia sasa ni makubaliano ya maandishi, hata karatasi moja, mbele ya mzazi na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji: fundi anafundisha kazi zilizotajwa kwa majina ndani ya miezi iliyotajwa, na kijana akishaziweza anabaki kufanya kazi hapo kwa malipo ya haki kwa muda uliotajwa kabla ya kwenda kujitegemea. Fundi anarudishiwa saa zake kwa kazi ya mtu aliyeiva, naye kijana anajua siku ambayo kuosha vipuri kutaisha.