Bwana Harusi wa Zambarau

Shangazi alifika kwangu Ngamiani saa moja asubuhi, hajatia hata chai mdomoni. Buibui lake jipya amelikunja ndani ya kikapu, albamu ya harusi kaibana kwapani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika. Kwetu Tanga, mtu mzima akiiacha shikamoo yako ining'inie hewani, ujue kuna kesi.

"Vaa viatu," akasema. "Twende dukani ukanitolee ushahidi. Nimeuziwa buibui bovu, rangi imechuja siku ya kwanza."

Ushahidi! Maskini, hakujua amemfuata mshitakiwa mwenyewe.

Binamu yangu anayeishi Ujerumani aliponunua kamera mpya, ile ya zamani aliniletea mimi. Ni renjifainda ya dijitali, imetoka 2006. Jina la kampuni nalimeza. Kamera hii huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu pembeni, na katikati ya kidirisha pana kimraba ambamo mtu anaonekana wawili wawili, kana kwamba una homa. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unabonyeza. Hakuna mashine ya kukutafutia sura ya mtu. Nilipoizoea nikaanza kuwadharau wenzangu wote wanaopigia simu, nakiri.

Lenzi nayo nikaipata kwa ami, aliyesomea Moscow ujanani na kurudi na shahada, koti zito ambalo hajalivaa hata mara moja, na lenzi moja. Ni Jupiter-8 ya milimita 50. Jina limechongwa kwa herufi za Kirusi, na namba yake inaanza na 63, yaani imetengenezwa 1963. Ni ya kukaza kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, kwa hiyo haikai kwenye kamera yangu mpaka uivalishe pete ya adapta. Pete ya tundu la mwanga, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga unaoingia, haina zile kwa-kwa-kwa za lenzi nyingine. Inateleza tu, kimya, kama kidole ndani ya mafuta ya nazi. Niliipenda kuliko kamera yenyewe.

Sasa, binamu alikuwa ameniachia pia kifilta kimoja kidogo, kioo cha kukaza mbele ya lenzi, ukikigeuza kwenye mwanga kinang'aa wekundu. Akanipigia simu makusudi: "Usipige picha za rangi bila hicho." Nikakijaribu. Kifilta kina milimita 39, mdomo wa lenzi ya ami una 40.5. Milimita moja na nusu! Hakikushika. Nikajisemea, filta si ya kuzuia vumbi tu? Nikakitupa kwenye kopo la vifungo la mama. Ami alikuwa na filta yake ya zamani, kioo cheupe kilichochubuka ukingoni, nikaikaza ile. Ikakaa barabara. Nikaridhika.

Jambo la pili nililofanya ni la kijinga zaidi, na hili sikuambiwa na mtu. Nilibandika plasta nyeusi juu ya kioo cha nyuma ya kamera. Niliona mpiga picha wa kweli hachungulii kila baada ya picha, kama kijana anayesubiri meseji ya mchumba. Wazee walipiga filamu wakasubiri wiki, na mimi je?

Siku ya harusi ikafika. Nikaha ilifungwa msikitini baada ya alasiri. Bwana harusi, mtoto wa shangazi, amependeza kwa kanzu, kilemba na joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu, la kukodi. Nikachutama mbele. Nikapima mwanga kwa jicho, nikaweka kasi kwa mkono, nikawaunganisha wale bwana harusi wawili wakawa mmoja. Kidirishani kila kitu safi: shekhe kamshika mkono, baba mkwe kafumba macho, midomo ya bwana harusi inatetemeka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Akasema "nimekubali", nikambana hapo hapo.

Kando yangu alikaa mpwa wangu wa miaka sita, anaitazama kamera kwa mbele. Akaninong'oneza:

"Mjomba, mbona kamera yako imefumba jicho?"

Nikaigeuza. Kifuniko cha lenzi kipo mahali pake, kimetulia kama kofia ya mwenye nyumba. Ndiyo adha ya kamera hizi: kidirisha chako kiko wazi, unaiona dunia nzima, kumbe lenzi imelala usingizi. Nilikuwa nimepiga picha 11. Shekhe alikuwa anafunga dua. Yule mtoto nilimnyamazisha kwa barafu mbili za ukwaju, na kila alipokutana nami wiki ile alidai nyingine.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama punda kufidia. Nje ya nyumba, jua limelegea, mwanga wa asali, nikawapanga watu kwa ukoo. Wazee wenye makoti meusi. Bwana harusi na joho lake. Shangazi na buibui jipya linalometameta, bado lina mikunjo ya dukani, na kando yake wifi yake, ambaye wamekuwa wakishindana tangu kabla sijazaliwa, amevaa buibui lake la siku zote. Shangazi akajisogeza mbele kidogo ili kitambaa kionekane. "Nipige na ukosi," akaniagiza. Nikampiga na ukosi.

Usiku nilipobandua plasta na kuzifungua picha kwenye laptopu, naona joho la bwana harusi ni la zambarau. Si zambarau ya kudhania. Zambarau ya zambarau zenyewe, zile za kutoka Muheza zinazobadili ulimi. Makoti ya wazee, zambarau. Lakini laptopu yenyewe iliwahi kumwagikiwa supu ya pweza, na tangu siku hiyo skrini yake siiamini. Nikatia picha kwenye flashi, nikampa bwana harusi azipeleke studio wakamchapie albamu, nikaenda kulala na dhamiri safi. Hizo 11 sikuzitia.

Siku tatu baadaye akanipigia. "Kaka, naomba unijibu kitu kimoja tu. Mimi nimeoa, au nimetawazwa uaskofu?"

Tukafika dukani. Shangazi akaifungua albamu juu ya kaunta, kidole juu ya picha ile ya ukoo. "Angalia mwenyewe, baba. Hili ndilo buibui uliloniapia kuwa ni jeusi la kufa na kuzikana. Na huyu hapa kando yangu, lake ana miaka tisa, angalia lilivyo jeusi. Wamenicheka mji mzima."

Hapo ndipo nikaielewa hasira yake. Buibui la wifi lilikuwa kitambaa cha aina nyingine, limetoka jeusi tii kama makaa.

Mwenye duka hakubishana. Akachukua leso nyeupe, akailowesha, akaisugua kwenye pindo la buibui mpaka mkono ukamchoka. Leso ikabaki nyeupe. Akalitoa buibui nje mlangoni juani. Jeusi. Akalirudisha ndani. Jeusi. Watu wakaanza kujaa. Kisha akaitazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole, upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi: "Na mpiga picha alikuwa nani?"

Nikaomba rimoti ya televisheni yake. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeongea na binamu hadi saa saba, kwa hiyo somo nilikuwa nalo, kilichokosekana ni ujasiri. Nikamwambia shangazi aitazame taa ya mbele ya rimoti wakati naibonyeza. Hakuona kitu. Nikamwambia aitazame tena kupitia kamera ya simu yangu. Nikabonyeza. Kwenye simu taa ikawaka, nyeupe yenye uzambarau.

"Astaghfirullah," akasema shangazi, akarudi nyuma hatua moja.

Nikaeleza. Kuna mwanga jicho halioni, uko ng'ambo ya wekundu, zaidi ya nanomita 700. Vitambaa vingi vyeusi vya nyuzi za kiwandani huumeza mwanga tunaouona, ndiyo maana ni vyeusi, lakini ule mwingine huurudisha. Kamera za kawaida zina kioo kinene mbele ya sensa (si sensa ya kuhesabu watu, ni kile kibati cha ndani kinachonasa picha) cha kuuzuia karibu wote. Ya kwangu walikifanya chembamba makusudi, kwa sababu lenzi za renjifainda hukaa karibu sana na sensa na mwanga huingia pembeni kwa kulala, kioo kinene kingeharibu kona za picha. Hesabu nzuri, ila naona hawakumwalika Mswahili hata mmoja kwenye majaribio. Baadaye kampuni ikawagawia wanunuzi filta mbili mbili bure za kuziba pengo hilo. Moja ya binamu ndiyo hiyo iliyolala na vifungo vya mama.

Shangazi alisikiliza yote, mkono kiunoni. Mwishoni akamgeukia mwenye duka: "Nisamehe, baba. Buibui lako halina neno. Kamera ya huyu inaona majini."

Njiani nilijaribu kumpoza. Nikamwambia nitazigeuza picha zote ziwe nyeusi na nyeupe, uzambarau utapotea, na kwa kweli lenzi ile ya 1963 ndiyo kazi yake hiyo, vivuli vyake vinapendeza mno. Akasimama katikati ya barabara, baiskeli zikawa zinatukwepa kulia na kushoto.

"Na hina ya bibi harusi? Na dhahabu ya joho? Na leso niliyoifuata mpaka Mombasa? Zote unitilie majivu?"

Nikanyamaza.

"Hebu niambie," akasema, sasa anakaribia kulia, "katika harusi nzima ya mwanangu, huna hata picha moja ambayo cheusi kimetoka cheusi?"

Nikaangalia chini.

"Ninazo, shangazi. Kumi na moja."