Fidia ya VA iko mkononi: uombe na mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii?

Wanajeshi wa zamani wa Marekani, wakiwemo ndugu zetu kutoka Kenya na Kongo walioingia jeshini na kadi ya kijani, hubishana sana juu ya swali hili. Wapo wanaosema: ukishapata fidia ya ulemavu kutoka Idara ya Maveterani, yaani VA, usiiguse Hifadhi ya Jamii mpaka VA ikupandishe hadi asilimia 100 ya ulemavu, usije ukapunguziwa huku au kule. Wengine wanasema omba leo. Kila upande una hoja ya kweli, ila hofu ya kupunguziwa tuiondoe kwanza.

SSDI, yaani mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, ni bima. Mtu ameichangia kwa kodi inayokatwa kwenye mshahara, na mshahara wa jeshi umekatwa kodi hiyo tangu 1957. Fidia ya kuumia kazini inaweza kupunguza SSDI, lakini fidia ya VA sheria imeiweka nje ya hesabu hiyo. Nayo fidia ya VA haiangalii kipato kingine. Anayestahili zote mbili hulipwa zote mbili kamili.

Mkanganyiko unatokana na majina. SSI, msaada wa watu wenye kipato kidogo, huhesabu fidia ya VA kama kipato na kusamehe dola 20 tu za mwanzo. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha shirikisho cha SSI kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi, na fidia ya VA kwa mwenye asilimia 70 bila wategemezi ilikuwa dola 1,759.19. Mwenye fidia hiyo hapati kitu kutoka SSI. Pensheni ya VA kwa maveterani wenye shida ya kipato nayo huhesabu pesa za Hifadhi ya Jamii. Mtu akisema "walinikata," muulize kwanza alikuwa anapokea ipi.

Sasa hoja ya kusubiri. Inajengwa juu ya imani kwamba kiwango kikubwa cha VA kitawashawishi Hifadhi ya Jamii. Lakini asilimia za VA hazipimi wanachopima wao. Mwenye asilimia 50 kwa msongo wa kiakili na 30 kwa goti hapewi 80: VA huchukua 30 ya ile nusu iliyobaki, yaani 15, inapata 65, kisha inapandisha hadi 70. Hakuna mahali hesabu hiyo imeuliza kama anaweza kukaa kwenye kiti saa sita. SSDI haina asilimia. Unapata au hupati, na swali ni kama ugonjwa uliothibitishwa kitabibu, utakaodumu angalau miezi 12 au kuleta kifo, unakuzuia kufanya kazi yenye kipato cha maana. Kipimo hicho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, au 2,700 kwa asiyeona. Na kwa madai yaliyofunguliwa tangu 27 Machi 2017, afisa wa Hifadhi ya Jamii halazimiki hata kueleza aliuonaje uamuzi wa VA. Kabla ya hapo baadhi ya mahakama za rufaa zilitaka uamuzi huo upewe uzito mkubwa.

Anachotakiwa kuangalia bado ni ushahidi ulio nyuma ya uamuzi. Hapo wengi hujikwaa: wanatuma barua yenye asilimia, wanaacha ripoti za uchunguzi, picha za eksirei na maandishi ya mtaalamu wa afya ya akili. Hata ripoti za VA zenyewe mara nyingi zinaeleza goti linakunjika nyuzi ngapi bila kusema mtu anasimama dakika ngapi, anabeba uzito gani, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Mwombe daktari anayekutibu aandike hayo. Kwenye fomu inayouliza shughuli zako za kila siku, "natembea kwa shida" haisaidii. "Natembea mpaka kona ya mtaa, napumzika dakika kumi, goti limevimba nikirudi" inasaidia. Na magonjwa yote yaingie, hata kisukari kilichokuja miaka kumi baada ya jeshi, kwa sababu Hifadhi ya Jamii haijali ulemavu ulitoka wapi.

Wanaosubiri wana kitu kimoja kigumu kukipuuza. Tangu 2014, mwenye asilimia 100 za kudumu na kamili hushughulikiwa haraka, mradi atangulize barua ya VA. Waliopata ulemavu wakiwa kazini jeshini tangu 1 Oktoba 2001 wana njia yao ya haraka, na hao hawahitaji asilimia yoyote. Ila kuharakishwa si kukubaliwa. Dai dhaifu litakataliwa mapema zaidi, basi.

Kinachonifanya nisimame na wanaosema omba leo ni saa ya bima. Kwa mtu mzima wa kawaida, kinga ya SSDI inataka kredi 20, yaani alama zinazotokana na mshahara uliokatwa kodi, ndani ya miaka 10 ya karibuni. Aliyefanya kazi mfululizo akaacha mwishoni mwa 2020, kinga yake iliisha 31 Desemba 2025. Fidia ya VA haikatwi kodi ya mishahara, kwa hiyo haiongezi kredi hata moja. Mtu anakaa miaka sita akipigania VA, anapata 100, anakwenda Hifadhi ya Jamii na kuambiwa athibitishe kuwa alishindwa kazi kabla ya tarehe iliyokwisha kupita, kwa rekodi za wakati ule. Akifanikiwa, malimbikizo hayarudi nyuma zaidi ya miezi 12 kabla ya siku ya kuomba, na miezi mitano kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi. Inauma, kwa sababu kuomba ni bure.

Mwenye kuhitaji tahadhari ya kweli ni yule wa TDIU, anayelipwa kiwango cha asilimia 100 kwa sababu majeraha ya jeshi yanamzuia kushika kazi ya kujikimu. Akiiambia Hifadhi ya Jamii kwamba kilichomtoa kazini ni mgongo ulioumia kwenye ajali ya gari baada ya jeshi, maneno hayo yanaweza kuonekana VA, ambayo ina wajibu wa kutafuta majalada yanayohusu dai lake. Uamuzi wa SSDI hutaja ugonjwa mkuu. Ukitajwa mgongo peke yake, dai la TDIU linalosimama juu ya msongo wa kiakili linayumba. Dawa si kunyamaza wala kupamba. Eleza kila ugonjwa unazuia nini, na tarehe ya kuacha kazi iwe ile ile kwenye fomu zote mbili. Kiingereza kikikupa taabu, Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani bila malipo. Usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo, neno moja likipotoka linabaki kwenye jalada.

Ukikataliwa, usichanganye kalenda: VA kwa kawaida hutoa mwaka mmoja wa kupinga, Hifadhi ya Jamii siku 60 tangu upokee barua. Hupati haki ya kusikilizwa na hakimu mpaka uombe kwanza dai liangaliwe upya.

Kwa raia wa Marekani anayefikiria kurudi Mombasa au Bukavu, malipo yote mawili yanaweza kumfuata. Medicare, bima ya afya ya serikali inayokuja baada ya miezi 24 ya SSDI, kwa kawaida hailipi hospitali za nje. VA ina mpango wa matibabu ugenini, lakini ni kwa maradhi iliyoyakubali kuwa ya jeshi. Kile kisukari cha baadaye atakilipia mwenyewe.