Eti "zote zinaingia tu"!

Jamani wauza spea za pikipiki, nani aliwafundisha neno "inaingia"? Mtu ana pikipiki ya mkononi, anataka cheni ya saizi 428, anapewa 420. "Zote sawa, bosi." Sawa wapi? Pini hadi pini ni mm 12.7 zote mbili, ndiyo. Lakini nafasi ya ndani ya 420 ni mm 6.35, ya 428 ni karibu mm 8. Meno manene ya sproketi (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) ya 428 yapite wapi? Hewani?

Halafu ule ushauri wa "weka cheni mpya tu, sproketi bado zinadai". Hapo ndipo hela zetu zinapoliwa! Jino lililopinda kama ndoano linaitafuna cheni mpya hadi inalegea kabla hata hujasahau bei yake. Hubadilishwa vyote vitatu: cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma. Unataka kuhakikisha? Ishike cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute. Ikiachia nusu ya jino ionekane, imekwisha. Usikubali kuambiwa ikazwe tu.

Na mafundi, ile klipu inayofunga kiungo cha cheni! Upande uliofungika ndio unaotangulia cheni inakokwenda. Ukigeuza, inachomoka, cheni inafyatuka na inaweza kupasua injini. Nani atalipa? Fundi? Muuzaji? Thubutu! Utalipa wewe, huku umeshika boksi lenye stika inayong'aa kuliko chuma kilichokuwamo.