Fataki Mara 23

Jana usiku, Septemba 27, tumefungwa 4-1 kule Detroit. Kwa kipigo hicho Chicago White Sox, timu yangu, imepoteza mechi 121 msimu huu wa 2024. Tangu hesabu za besiboli ya kisasa zianze mwaka 1901, hakuna timu iliyowahi kupoteza nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa ya New York Mets, waliopoteza 120 mwaka 1962. Lakini wale walikuwa na udhuru wao: timu ndiyo kwanza imeundwa, wachezaji wameokotwa huku na huku, hawajuani. Sisi tupo tangu American League, mojawapo ya ligi mbili kuu za besiboli, ilipoanza. Udhuru wetu ni upi?

Nakaa Bridgeport, upande wa kusini wa Chicago, na kutoka kwangu mpaka uwanjani ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Dirisha la jikoni linatazama upande ule. Timu ikishinda nyumbani hurushwa fataki juu ya ubao wa matokeo, desturi iliyotokana na ubao wa fataki uliowekwa mwaka 1960 kwenye uwanja wa zamani ambao sasa umekwisha kubomolewa. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyopata habari nikitoka kazini nimechelewa: nimesimama kwenye sinki naosha vyombo, mara anga inalia, najua tumeshinda. Msimu huu tumecheza nyumbani mechi 81. Fataki za ushindi zimelia mara 23. Kuna majuma yalipita kimya kabisa, mpaka nikawa nasimama pale dirishani bila sababu, nasikiliza treni tu.

Kwa ndugu zangu waliozoea soka, niseme kitu kimoja kuhusu mchezo huu. Timu ya soka ikifungwa Jumamosi, unaumia, unabishana na wenzako kijiweni, na una wiki nzima ya kupoa kabla ya mechi nyingine. Besiboli haikupi nafasi hiyo. Msimu una mechi 162, na zinachezwa karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Ukifungwa leo, kesho unarudi, keshokutwa unarudi. Timu nzuri inageuka kuwa furaha ya kila siku, kama chai ya asubuhi. Timu mbovu nayo inakuwa maumivu ya kila siku. Mwezi Mei tulianza mfululizo wa vipigo 14. Nikadhani hapo ndipo chini kabisa. Kisha kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 tukapoteza mechi 21 mfululizo, sawa na ile aibu ya Baltimore Orioles ya mwaka 1988. Karibu mwezi mzima! Watoto walikuwa likizo, wakasafiri, wakarudi, na timu haijashinda. Siku mbili baada ya kuuvunja mkosi huo, kocha mkuu Pedro Grifol akafukuzwa, akiwa ameshinda 28 na kupoteza 89, na timu akakabidhiwa Grady Sizemore kwa muda.

Kumfukuza kocha ni jambo rahisi, na sidhani kama kuna aliyemlilia. Ila mimi sikubali kwamba msiba huu ni wa kocha.

Turudi nyuma miaka mitatu tu. Agosti 2021 tulicheza na Yankees kwenye uwanja uliojengwa katikati ya mashamba ya mahindi huko Iowa. Mwisho kabisa wa mechi, tukiwa nyuma, Tim Anderson akaupiga mpira ukaenda kupotelea ndani ya mahindi, tukashinda 9-8. Nililia usiku ule, na sioni haya kusema. Mwaka huohuo tulishinda mechi 93 na kuchukua ubingwa wa kanda yetu. Tulikuwa na Anderson, Luis Robert, Eloy Jiménez, Yoán Moncada, Dylan Cease, wote vijana. Kila aliyejua mchezo alisema: hawa wana miaka mitano ya kutamba. Mwaka uliofuata tukashinda 81, tukapoteza 81. Mwaka 2023 tukapoteza 101. Na sasa hivi. Anderson aliachwa aende. Cease aliuzwa San Diego mwezi Machi, kabla hata msimu haujaanza, na Julai 25 akawarushia Washington mechi nzima bila mpigaji wao hata mmoja kupata pigo safi. Siku ile sisi tulikuwa katikati ya ule mfululizo wa vipigo. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikazima simu nikalala mapema.

Kikosi cha vijana namna ile hakisambaratiki kwa bahati mbaya. Wachezaji waliumia, ndiyo, tena wengi. Lakini timu inayotaka ubingwa inajazia pale palipopungua, na kujazia kunataka fedha na kunataka watu wenye maarifa. Jerry Reinsdorf ameimiliki timu hii tangu 1981. Katika miaka yote hiyo klabu haijawahi kumpa mchezaji yeyote mkataba wa dola milioni 100, katika jiji la tatu kwa ukubwa Marekani. Vijana wetu walipokuwa wanaiva, mwishoni mwa 2020, yeye mwenyewe akamrudisha Tony La Russa kuwa kocha, mzee wa miaka 76 aliyekuwa nje ya kazi hiyo tangu 2011, kwa sababu ya urafiki na majuto ya kumwacha afukuzwe hapa zamani. Mwezi Agosti mwaka jana Reinsdorf aliwaondoa viongozi wawili waliokuwa wakisimamia usajili, nikasema haya, sasa atatafutwa mtu kutoka nje, kwenye timu zinazojua kujenga. Akapandishwa Chris Getz, aliyekuwa humohumo ndani. Huenda Getz ni mtu mwema na atafanikiwa, na ninamwombea afanikiwe. Lakini nyumba ikiungua hutafuti shauri chumbani kwa walewale waliokuwa wamelala.

Na mwaka huuhuu, timu ikiwa mkiani, ndipo tunasikia habari za kutaka uwanja mpya, karibu na katikati ya jiji, kwa msaada wa fedha za umma. Watu wa upande huu wa kusini hawajasahau 1988, pale timu ilipotishia kuhamia Florida hadi bunge la jimbo likapitisha fedha za uwanja huu tulionao, uliofunguliwa 1991. Mzee jirani yangu, mstaafu wa posta, aliishi enzi hizo. Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu nilipofika hapa nisijue tofauti ya mrushaji na mdakaji, na tukiongea habari ya uwanja mpya hunyamaza tu akatikisa kichwa.

Jumanne iliyopita alinipa tiketi yake ya pili, tukaenda pamoja. Mimi sijanunua tiketi tangu Mei, niliamua hivyo na bado nimeamua hivyo, lakini mzee akikuambia twende, unakwenda. Nje harufu ilikuwa ileile, vitunguu vya kukaanga na mahindi ya kuchoma yaliyokatwa yakapakwa pilipili na ndimu, yanayonikumbusha barabara ya kwenda Raskazone, kwetu Tanga, jioni. Tulikuwa tumepoteza 120. Kipigo kimoja tu rekodi iwe yetu, na wageni ni Los Angeles Angels, nao pia hoi. Kuna watu waliokuja makusudi washuhudie. Tulipokuwa nyuma walipiga kelele, "Uza timu! Uza timu!" na tulipoanza kurudi mchezoni wengine wakazomea, wakitaka tufungwe ili wawe wameiona historia kwa macho yao.

Hapo ndipo nilipogundua msimamo wangu. Ile ya "uza timu" niliiitikia kwa sauti yangu yote. Ni neno la haki, na anayelisema ni mtu aliyeumia kwa sababu anapenda. Asiyejali yuko kwake anaangalia kitu kingine. Lakini kuwaombea vijana wale wafungwe sikuweza. Yule kijana anayesimama na gongo mbele ya mpira wa maili 97 kwa saa si yeye aliyemuuza Cease. Wengi wao wameletwa kutoka ligi za chini mwaka huuhuu, wanacheza ili wapate riziki ya mwaka kesho, na wanazomewa kwa deni la mtu mwingine. Mtu anaweza kumkasirikia mwenye nyumba bila kuwachukia watoto waliomo.

Msimu mzima, mechi ikifika mwisho wa awamu ya saba kati ya zile tisa huku tuko nyuma, hatukuwa tumewahi kugeuza matokeo hata mara moja. Jumanne tuligeuza. Awamu ya nane, mikimbio mitatu, yaani pointi tatu, 3-2. Mzee alisimama na fimbo yake akapiga makofi mpaka mwisho. Fataki zikalia, na safari hii nilikuwa chini yake, si dirishani. Jumatano tukashinda tena, 4-3, katika awamu ya 10, Andrew Benintendi akipiga mpira wa ushindi. Alhamisi tukawafunga 7-0. Ushindi mara tatu mfululizo, na nyumbani tumemaliza bila rekodi ile kuandikwa mbele ya macho yetu. Rekodi ikaja jana, ugenini. Najua kwenye hesabu tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwangu ina maana.

Tena tazama iliandikwa wapi. Detroit jana walikuwa wakilia kwa furaha, kwa sababu ushindi ule ule uliotuzika sisi umewapeleka kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014. Na Detroit Tigers ndio waliopoteza 119 mwaka 2003, wakaponea chupuchupu, walipohitaji kushinda mechi tano kati ya sita za mwisho ili wasifikie 120. Miaka mitatu baadaye, 2006, walikuwa kwenye World Series, fainali ya besiboli. Baltimore nao walipoteza 110 mwaka 2021. Mwaka jana walishinda 101. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani. Inawezekana, ila hao wote waliinuka kwa kazi, hawakukaa wakasubiri.

Kwetu njia imezibwa kidogo na sheria ambayo mashabiki wengi hawaijui. Zamani timu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchagua chipukizi bora kwenye drafti. Sasa kuna bahati nasibu, na timu za miji mikubwa, zile zinazochangia mfuko wa timu ndogo, haziruhusiwi kuingia kwenye bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. Sisi Julai hii tulichagua wa tano, tukamchukua mrushaji Hagen Smith. Kwa hiyo mwakani, baada ya msimu mbaya kuliko yote, hatuwezi kuchagua mapema kuliko nafasi ya 10. Sheria ililenga kuwazuia matajiri wasijifungishe makusudi, na nia yake naielewa. Lakini anayeadhibiwa si mmiliki. Ni yule mtoto wa mtaa wa 35 anayevaa kofia nyeusi shuleni akachekwa na wenzake wenye kofia za Cubs, timu nyingine ya Chicago.

Hata hivyo nina majina ninayolala nayo. Garrett Crochet, mrushaji wa mkono wa kushoto, amewatoa wapigaji zaidi ya 200 kwa kuwakosesha mpira, katika timu hii hii, na kila mtu anasema atauzwa majira ya baridi. Kama atauzwa, basi waletwe vijana wanne wa kweli, si majina ya kujazia karatasi. Noah Schultz, mrefu kama minazi, mtoto wa jimbo hilihili la Illinois, anakuja kutoka Birmingham, ambako timu yetu ya chini imechukua ubingwa wa ligi yake mwezi huu. Colson Montgomery yuko Charlotte, timu yetu nyingine ya chini. Amekuwa na mwaka mgumu, lakini ana miaka 22. Nawataka hawa wapewe walimu wa kisasa na muda. Namtaka mmiliki, ambaye mwezi huu ametoa taarifa ya maandishi kwamba mwaka umeuma, aje akae mbele ya waandishi wa habari, aulizwe, ajibu.

Nilimpigia baba Tanga asubuhi hii. Yeye ni Coastal Union damu, timu ya soka ya huko, na hao Wagosi walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, wala hawajauchukua tena. Nikamwamkia, nikamwambia tumevunja rekodi. Akaniuliza, "Mmebakiza ngapi?" Nikasema mbili, leo na kesho, hukohuko Detroit. Akasema, "Haya, nitafute kesho uniambie zimekwendaje."

Msimu mpya unaanza Machi 27, nyumbani, na Angels haohao. Tiketi sitanunua. Dirisha la jikoni nitaliacha wazi, hata kama theluji itakuwa bado inaanguka.